Shemeji, Jirani na Dobi Mnene

Jumatatu, 3 Machi

Mzee Kola kanunua mashine mpya ya kupigia pasi. Kubwa! Inatoa moshi kama gari moshi. Kaiweka dirishani makusudi, niione kutoka dukani kwangu ng'ambo ya barabara. Nimeiona. Nikajifanya sijaiona. Akaniita kwa sauti, akaniuliza kama macho yangu siku hizi yana tatizo.

Mzee Kola ni dobi kama mimi. Jina hilo tulimpa kwa sababu shati likitoka kwake, kola inasimama hata mwenyewe akiwa amelala.

Nikamuuliza pesa katoa wapi. Eti kwenye kodi. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Tangu lini kodi ikatoa? Kodi inachukua! Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Kodi ya huduma unayolipa kwa fundi, kwa mwenye gari, kwa mlinzi, inahesabika. Ukiwa na ankara halali, unaipunguza kwenye kodi unayotakiwa kupeleka mwenyewe. Yeye kapunguza ya mwaka mzima. Ndiyo hiyo mashine.

Mwaka mzima! Na mimi je? Mimi si mlipaji? Ankara zangu ninazo zote, nimezitia kwenye foronya. Watu wengine wana faili. Dobi ana foronya.

Mke wangu kasema nisome masharti kwanza. Nikamwambia masharti yaliandikwa kwa ajili ya watu wenye wasiwasi.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya kodi, dirisha la tatu. Foronya begani. Afisa ni mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, anaongea taratibu kama nesi anayekutafutia mshipa.

Akatoa karatasi ya kwanza. Ankara kwa: Shemeji. Ya pili: Shemeji. Ya tatu: Baba Pacha. Iliyofuata: Jirani. Kisha akatoa ya mwenye gari la kubebea mashuka, akaisoma kimya, akaigeuza, akairudia. Dobi Mnene.

Akaniuliza kwa heshima zote, baba, hawa ni akina nani. Nikamwambia wote ni mimi. Nyuma yangu kwenye foleni mtu akasema mzee kaja na ukoo mzima. Mwingine akauliza mama mkwe je, yumo? Hata mlinzi wa mlangoni kacheka, na yule analipwa asicheke.

Afisa hakucheka. Akanionyesha tangazo lililobandikwa kwenye kioo. Jina la biashara kama lilivyosajiliwa. Namba yangu ya kodi, na namba ya aliyenihudumia. Tarehe. Huduma yenyewe ni ipi. Kodi iandikwe kwenye mstari wake, isifichwe ndani ya bei. Na aliyenihudumia awe amesajiliwa siku ile anayotoza. Kama hajasajiliwa, hakuna kodi aliyoipeleka, na mimi siwezi kupunguziwa kitu ambacho hakikuwahi kufika.

Biashara yangu imesajiliwa kwa jina la Povu Jeupe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

Nimerudi kwa miguu. Njiani nikawaza. Fundi wa mashine zangu ni mdogo wake mke wangu. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita shemeji. Sasa akae pale na kalamu, aandike nini? Mlinzi wangu anakaa nyumba ya pili, kwake mimi ni jirani. Nimevuka hamsini, na maisha yangu yote nimekuwa baba wa fulani, mume wa fulani, shemeji wa fulani. Serikali peke yake ndiyo imetaka kunijua mimi kama mimi. Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo! Limenijia nikikunja mashuka. Kama ankara haziwezi kufuata jina la biashara, basi jina la biashara lifuate ankara. Nitabadilisha usajili. Biashara iitwe Shemeji, Jirani na Wenzao.

Nimekwenda kwa msajili. Kijana mwenye tai kaniuliza hao wenzangu ni nani. Nikataja Dobi Mnene, kwa sauti ya chini. Akasema inawezekana, jina halina tatizo. Lakini litaanza siku litakaposajiliwa. Ankara za mwaka jana zitabaki kwa watu wa mwaka jana.

Nimerudi, nikamkuta Fundi dukani, kalala chini ya mashine kubwa, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamweleza. Miguu ikatikisika. Kumbe anacheka.

Lazima niandike habari za Fundi. Yeye, mke wake na mtoto wao wanakaa kwetu, chumba cha nyuma, kile nilichokuwa nikihifadhia sabuni. Walikuja kwa muda. Muda umekuwa miaka. Sasa kuna hospitali kubwa inatafuta fundi wa mashine zake zote za kufulia, na katika mafundi walioomba, yeye yuko mbele. Ndiyo maana alijisajili kodi mwezi wa nane uliopita. Kimebaki kitu kimoja: cheti cha ofisi ya kodi, kwamba hana doa. Akipeleke hospitali kabla ya Ijumaa ya tarehe 21. Akikipata, anapata kazi. Akipata kazi, wanapanga nyumba yao.

Mke wake kaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Kila siku sufuria moja. Anafunga huku anaimba.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyokuwa, ingawa mkono unaona haya.

Nilimwambia Fundi aniandikie ankara upya, za mwaka mzima, jina Povu Jeupe, kodi kwenye mstari wake. Akasema za kuanzia mwezi wa nane hakuna shida. Za kabla ya hapo hawezi. Hakuwa na namba. Hakutoza kodi yoyote, nilimlipa bei tu, na mara nyingine nilimlipa maneno.

Nikatazama ukuta wa chumba cha nyuma. Kisha nikasema, kama mtu anayekumbuka hali ya hewa, kwamba chumba hiki zamani kilikuwa cha sabuni.

Sikuongeza neno. Haikuhitajika. Undugu nimeutumia kama mtaimbo, nikabandua mlango.

Akafuta mikono kwenye kitambaa. Akachukua kitabu chake cha ankara, akasaini karatasi tupu, moja baada ya moja. Nyingine zina alama ya kidole chenye grisi. Akasema nijaze mwenyewe, shemeji, wewe ndiye unayejua unachotaka.

Nimejaza mchana kutwa. Mwandiko mzuri! Januari: kubadilisha mkanda. Machi: kusafisha bomba. Mei: mkanda tena, huo mkanda una balaa. Lakini karatasi zilikuwa zinang'aa mno kwa umri wake. Karatasi ya mwaka jana haina budi kuchoka. Basi nikazitia kwenye mashine ya kukaushia, pamoja na mataulo ya nyumba ya wageni, moto mdogo.

Zimetoka zimechoka vizuri sana. Laini kama mashavu ya mtoto. Zinanukia maua.

Jumatatu, 10 Machi

Afisa alichukua ankara ya kwanza, akaisogeza puani. Akanitazama. Nikamwambia duka letu ni safi sana.

Akazipitia zote. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa. Akatazama chini kabisa ya karatasi, pale penye maandishi madogo ambayo hakuna mtu huwa anayasoma. Kisha akagonga muhuri: IMEPOKELEWA.

Imepokelewa! Mke wangu kasema kupokelewa si kukubaliwa. Wanawake hawapendi kuona mtu anashinda. Nimevuka barabara hadi kwa Mzee Kola, nikamuuliza mashine yake inakula umeme kiasi gani, kwa sababu yangu nitachukua kubwa zaidi. Akaniuliza ankara zangu nimezipataje. Nikamwambia kwa mpangilio. Akasema ahaa. Akaongeza ahaa nyingine. Sikuipenda ile ya pili.

Jumatano, 12 Machi

Barua imekuja. Si yangu. Ya Fundi.

Eti afike na nakala za ankara zake. Aeleze ilikuwaje akatoza kodi kabla ya kusajiliwa, na hiyo kodi aliipeleka wapi. Aeleze pia ilikuwaje ankara za Januari ziandikwe kwenye kitabu ambacho mpiga chapa, kwa maandishi madogo chini, ameandika kwamba kilichapwa mwezi wa kumi. Mpaka atakapoeleza, cheti chake kimesimamishwa.

Nilisoma mara tatu. Kila mara mwezi wa kumi ulikuwa pale pale.

Kumbe mimi niliomba kupunguziwa, na yeye ndiye anayeonekana mwizi. Mimi kwenye karatasi zile ni mteja safi niliyelipa kodi yangu. Yeye ndiye aliyeila. Saini ni yake. Hata grisi ni ya kidole chake.

Nilitegemea atapiga kelele. Nilijiandaa, nilikuwa na majibu. Alikunja barua, akaitia mfuko wa shati, akasema sawa, shemeji. Basi. Akarudi chini ya mashine.

Mke wangu hajasema neno tangu mchana. Ninamjua. Akisema sana mambo ni madogo.

Na jikoni, mke wa Fundi anatoa sufuria kwenye maboksi. Anazipanga tena rafuni. Hata moja haikugonga nyingine. Sijui mtu anawezaje kupanga sufuria bila sauti.

Ijumaa, 14 Machi

Bado naamini kuna njia ya kumwokoa bila mimi kuonekana. Binadamu!

Asubuhi: nimekwenda dirisha la tatu kuomba karatasi zangu zirudi, nimesahau kitu ndani. Afisa akasema kilichopokelewa hakirudi, baba. Akaniuliza nimesahau nini. Nikasema mwavuli. Akanitazama kwa huruma, nami naijua ile huruma, naiona usoni mwa wateja ninapowaambia doa halitatoka.

Mchana: nimemshauri Fundi aseme nakala zake zililowa zikaharibika. Akaniuliza zililowa wapi. Nikasema kwenye mashine. Akasema shemeji, yaani nikawaambie mimi ni fundi wa mashine za kufulia, na nimefua ankara zangu mwenyewe? Halafu hospitali wanipe mashine zao?

Ana hoja.

Jioni: nimekwenda kwa Mzee Kola. Nilitaka kujua tu yeye alitumia mbinu gani. Eti hakuna mbinu. Amebandika jina la duka na namba ya kodi ukutani, herufi kubwa, na hamlipi mtu mpaka anakili vyote. Nikamuuliza hata ndugu? Akasema ndugu ndiyo kabisa. Dada yake alinuna mwezi mzima. Na nusu ya ankara zake za mwanzo zilikataliwa, akasema sawa, akazitupa. Nikasubiri anicheke. Akanicheka. Alipomaliza akasema dirisha la kusema ukweli halina foleni, nenda mapema uone.

Nimekosa usingizi kwa maneno yale. Mzee Kola kusema kitu cha maana ni aibu kwangu ya pekee.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda.

Foleni ilikuwepo, Mzee Kola ni mwongo. Nilisimama nikiwa na shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, na kadiri nilivyosogea ndivyo lilivyolowa.

Nikamwambia afisa: ni mimi. Fundi alisaini tupu, mimi nikajaza. Kodi hakutoza, mimi ndiye niliyeitunga. Januari, Machi, Mei, mkanda, bomba, vyote. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ya mashine ya pasi ya jirani. Ndipo niliposikia jinsi sababu yangu inavyosikika ikiwa nje ya kichwa. Ndani ya kichwa ilikuwa kubwa, ina mvuke. Pale dirishani ilikuwa kitu kidogo, kama kifungo kilichodondoka.

Akanipa karatasi niandike maelezo. Nikaandika kurasa tatu. Nikaanza na utoto wangu, maana mambo yote yana mwanzo. Akasoma, akapiga mstari ukurasa wa kwanza wote na wa pili wote. Akasema, baba, toba yako ni nzuri, lakini sisi hapa tunahitaji tarehe.

Maombi yangu yamekataliwa. Faini ipo. Mwaka mzima nitakuwa napeleka kila ankara kukaguliwa kabla ya kudai chochote. Sawa. Nastahili. Nikamuuliza cheti cha Fundi. Akasema atapeleka jalada kwa mkubwa wake leo leo, lakini mkubwa ana majalada mengi, na Fundi naye alisaini karatasi tupu, hilo si dogo. Hawezi kuniahidi. Nikamwambia hospitali wanafunga Ijumaa. Akasema amesikia.

Nikamweleza Fundi mlangoni kwake, nimesimama, maana sikuona kama nastahili kukaa. Nikamwambia nilimdanganya. Akatikisa kichwa. Akasema hukunidanganya, shemeji, nilijua tarehe zitakuwa za kabla ya namba yangu. Nilisaini kwa sababu ni wewe.

Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 21 Machi

Alhamisi tulikaa ofisi ya kodi, mimi na yeye, benchi moja, kutwa. Leo pia. Afisa alipanda ngazi kwa mkubwa wake mara nyingi kiasi kwamba mwishoni alikuwa ameshika kiuno. Cheti kilishuka mchana. Safi, kina muhuri, kina onyo dogo pembeni kwa mwandiko wa mkubwa.

Tukakimbia. Mimi na tumbo hili! Dobi Mnene kweli. Tulipofika hospitali, karani alikuwa anafunga droo. Akakisoma cheti, akakisifu. Akasema kazi wamempa mwingine, asubuhi. Faili lililokamilika lilitangulia lililokuwa linasubiri, ndugu zangu. Hakuwa mkali. Alisema vile anavyosema mtu ambaye hajui kwamba nje ya lile droo kuna chumba cha sabuni chenye watu watatu ndani.

Njiani Fundi akanunua maji, akanipa mimi kwanza.

Nilipofika nyumbani mke wangu alinipisha mlangoni, akasema jambo moja tu. Kwamba mdogo wake tangu akiwa mtoto hajawahi kukataa akiombwa na mtu anayempenda, na kwamba alidhani mimi nalijua hilo. Nilikuwa nalijua. Ndiyo maana nilimwomba.

Nimeliandika hili ili siku nikijiona mwema nije nilisome.

Jumatano, 26 Machi

Siku tulivu. Nimebandika ukutani jina Povu Jeupe na namba ya kodi, herufi kubwa kuliko za Mzee Kola. Mlinzi kanakili, ulimi nje, kama anachora ramani. Mwenye gari kagoma kidogo. Eti Povu Jeupe hamjui, yeye anamjua Dobi Mnene. Kaandika vyote viwili. Nikairudisha. Kaandika upya huku akilaani. Raha iliyoje, mambo kuwa sawasawa! Nilikuwa najinyima kitu gani miaka yote hii?

Nimebadilika. Naona hata mke wangu ameanza kuona. Leo kaniuliza kama nataka chumvi.

Jumamosi, 29 Machi

Habari njema! Kuna tangazo jingine. Shule ya bweni inatafuta fundi wa mashine zake za kufulia. Si kubwa kama hospitali, lakini mshahara utawatosha kupanga nyumba yao. Fundi ana cheti, ana namba, ana vifaa. Wanataka nyongeza moja tu: barua za wateja watatu walioridhika na kazi yake.

Fundi yuko tayari kwenda kuziomba Jumatatu. Nikamwambia apumzike, hili niachie mimi. Nina deni la moyo kwake, na deni la moyo halilipwi na mtu mwingine. Akasita. Nikamshika bega. Akasema sawa, shemeji.

Wateja walioridhika wapo wengi, hilo si tatizo. Mzee Kola mwenyewe mashine zake zinatengenezwa na Fundi, na angeandika barua mara moja. Lakini niende nikamwombe Mzee Kola? Nivuke barabara, mkono nyuma, mbele ya lile dirisha lake? Hapana. Kwa hiyo barua ya Mzee Kola nimemwandikia mimi. Nimemsaidia. Anamsifu Fundi kwa maneno mazito ambayo yeye hana. Nimemfanya amsifu pia na shemeji wa Fundi, dobi hodari wa ng'ambo ya barabara. Kidogo tu, isitie shaka.

Kwani kuna ubaya gani? Kila neno kuhusu Fundi ni kweli. Ni mwandiko tu ndio si wa wateja.

Fundi kapita mlangoni, kaniona nimeinama mezani, kauliza naandika nini. Nikamwambia naandika toba. Akaguswa, nimemwona. Akaja akanifungulia dirisha lote, nipate mwanga wa kutosha, akaondoka kwa kunyata asinisumbue.

Mtu mwema sana yule. Bado wateja wawili.